Italia Yetu Ilikuwa Troyeville

Bertrams, Johannesburg
Desemba 2019

Baba Riziki,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwepo wakikufunika udongo, na beleshi la mwisho nililishika mimi kwa sababu wanaume walikuwa wanakwenda polepole nikaona kama wanakuchezea. Kwa hiyo salamu tuziache. Nina neno moja nimekuja nalo, na nikilizungusha nitashindwa kulisema. Nimekuvua nguo mbele ya mama yako. Jumapili moja mwezi uliopita, kanisani, watu wote wakiona. Nimemwambia kwamba Italia hatukwenda.

Kama unakasirika huko uliko, kasirika. Lakini nisikilize kwanza, maana walikuwa wananinyang'anya mtoto.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda Italia? Mimi naikumbuka kuliko harusi yetu. Ulikuwa umetoka asubuhi kwenda Fordsburg kutafuta pazia jeupe la picha za vitambulisho, ukarudi na furushi refu begani kama mtu aliyebeba mbuzi aliyechinjwa. Mgahawa mmoja wa piza ulikuwa unafungwa, mwenyewe anatoa mapazia ya ukutani, ukayachukua yote manne. "Mama Riziki, njoo uone! Nimeokota nchi nzima!" Tukayatandika chini pale studio yetu ya Troyeville, hatua chache tu kutoka nyumbani. Mji umepanda mlima, nyumba za waridi na za manjano zimeshikana kama watu wanaoogopa kuanguka. Kanisa lenye kuba la vigae vya rangi rangi. Barabara imechongwa ubavuni mwa jabali, na chini yake bahari ya buluu mpaka macho yanauma. Na yale malimau, makubwa kama kichwa cha mtoto. Pembeni pameandikwa majina kwa herufi ndogo, ukayasoma kwa sauti: Amalfi, Positano, Ravello. Mimi niliyeishia darasa la tano kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu niliona kama unasoma Biblia ya watu wengine.

Jumapili ile baada ya ibada tulimwacha Riziki kwa Mama Thandi jirani yetu, tukajifungia studio. Siku nne za safari tulizimaliza kwa mchana mmoja. Nilibadilisha nguo mara nne, wewe mara tatu kwa sababu shati la nne lilikuwa halijakauka. Ulichota mchanga kwa wale mafundi waliokuwa wanajenga kona ile, ukaumwaga miguuni mwangu. Ukaweka feni chini ili gauni lipepee. "Usiangalie kamera, angalia bahari." Nikakwambia, bahari iko nyuma yangu, nitaiangaliaje? "Basi weka sura ya mtu aliyekwisha kuichoka." Halafu unabonyeza kamera ijipige yenyewe na wewe unakimbia kuja kusimama kando yangu kabla haijalia. Kuna ile moja hukuwahi. Umetoka ukungu mtupu, mkono mbele, kama mwizi anayeingia Italia bila viza. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ule mchanga. Ukaja ukanipangusa machozi kwa kidole gumba, ukasema mwanamke akicheka hivi ndiyo Ulaya yenyewe.

Uongo hukuukusudia. Hilo nimewaambia wote na nitaendelea kuwaambia. Ulimtumia mama yako kule Kongo, mjini Baraka, zile picha na maneno matatu: "Mama, tunatembea Italia." Kwetu kutembea ni kutembea tu, hata ukienda kwa jirani kuomba chumvi umetembea. Ulikuwa unatania. Lakini mama yako alisikia kama mama anavyosikia. Baada ya saa mbili simu ikapigwa, vigelegele vimejaa, majirani wamejaa, sauti ya mama juu ya wote: "Mwanangu anatembea Malufi!" Hata Amalfi yenyewe ilimshinda kuitamka. Wewe umeshika simu, mdomo wazi. Nikakunong'oneza, mwambie. Ukasema, "Acha kwanza afurahi leo. Kesho nitamwambia."

Kesho hiyo ilidumu miaka miwili, Baba Riziki. Nimeisema mimi.

Tena haikuishia kwetu. Walianza kuja wenyewe. Mama Mchungaji alitaka pale penye kanisa, akawaandikia ndugu zake Uvira kwamba ameitwa kwenye mkutano wa maombi. Papa Useni, anayelinda geti la maduka kule Midrand, alikuja amevua sare na kuikunja ndani ya mfuko wa plastiki, ukamsimamisha kwenye malimau. Kwaya walikuja wawili wawili. Ulikuwa hukatai. Nilikuuliza siku moja, hivi hatutendi dhambi? Ukanijibu huku unafuta lenzi: "Watu wamechoka kutuma kwao picha za kuta zenye ukungu." Mwaka ulipoisha kanisa zima la Wakongo wa Bertrams lilikuwa limetembea Italia, na hakuna hata mmoja mwenye pasipoti.

Sasa nifike pale ambapo mkono unakataa.

Wiki ile ya maduka ya wageni kuchomwa tulikuwa tumeshanusa matairi tangu asubuhi. Nilikwambia tufunge. Ukasema tumalizie huyu mzee, alikuwa Mzulu, anataka picha za kitambulisho cha pensheni, amekuja kwa miguu. Wale wachomaji walikuja wanaimba. Walipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, wakasimama, nami nikajiambia kwa ujinga wangu, labda wanasubiri iwake kijani wapite waende zao. Halafu nikasikia kioo cha spaza, kile kiduka cha Msomali. Yule mzee alitoka nje kwao akawasemesha kwa lugha yao, akawaita wanangu, wakamsukuma akaanguka kama gunia. Wewe ukavuta geti la chuma. Vidole vyako vilikuwa vimepita nje ya vyuma. Walianza na vidole.

Ulikuwa mpiga picha. Umepiga watu maisha yako yote na hakuna aliyetoka kwako analia, hata watoto wachanga. Wale walikuwa wanapiga kwa nondo, kwa rungu, mmoja kwa fimbo ya gofu, na kila wakipiga wanaangaliana wanacheka.

Na mimi nilipiga. Hili hulijui, ulikuwa umeshaanguka. Geti lilipolala, mmoja mwenye jezi nyekundu alinishika shingo, Riziki yuko mgongoni. Nikaikamata ile miguu mitatu ya kamera nikamtia nayo usoni. Nilisikia mfupa. Akaniachia. Nikampiga tena wakati hanishiki tena. Nimesali sala zote tangu siku ile lakini hiyo moja sijaitubu. Mchungaji ananiuliza kila wiki, namwambia, subiri kidogo baba, haijaiva.

Nilitokea mlango wa nyuma. Mama Thandi alinivuta kwake, akatusukuma chini ya kitanda, akasimama mlangoni na sufuria ya maji yanayochemka, akawaambia wale vijana kwa Kizulu kwamba anawajua mama zao kwa majina na atawamwagia mmoja mmoja. Hawakuingia. Mimi chini ya kitanda nimemziba Riziki mdomo, nasikiliza. Kilichofuata sikiandiki sasa. Nitafika, kwa sababu nililazimika kukisema.

Siku ya tatu ya matanga tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Nimekaa kwenye mkeka, wanawake wamenizunguka. Wakampigia mama yako, wakaweka simu wazi ili wote wasikie pole. Mama hakutaka pole. Alipiga kelele moja: "Si alikuwa Italia? Nani alimtoa Italia akampeleka kwa wauaji?"

Nikainua uso nikawaangalia. Mama Mchungaji alikuwa anachunguza kucha zake. Papa Useni ameangalia dari. Kwaya wote vichwa chini. Watu arobaini wanajua Italia ni pazia, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu anayelitaja pazia lako anataja na picha yake iliyotundikwa sebuleni kwa mama yake. Ule ukimya ulinipiga kuliko yule wa jezi nyekundu. Yeye nilimrudishia.

Kaka yako Lubunga alikuja kwa basi kutoka Cape Town. Miaka saba hamjaonana tangu mlipogombana, na njia nzima alikuwa amekalia neno moja. Hakukaa, hakunywa maji. "Ndugu yangu alikwisha kuipata Ulaya, wewe ukamrudisha kwenye mitaro!" Akanipiga kofi la mgongo wa mkono, mdomo ukapasuka. Nikamwambia shemeji, mbele ya msiba? Akaongeza la pili. Hapo wake za binamu zako nao wakapata nguvu. Wakanivua kitambaa wakanishika nywele, wale wale ambao vichwa vyao navisuka kwa vidole hivi. "Mchawi! Ulitaka kurudi kwenye saluni yako! Ulimwonea wivu mumeo!" Hadithi ilikuwa imeshaota miguu na mikono: eti ulikuwa umepewa karatasi za kukaa kule, eti mimi ndiye niliyezichana. Nilipigwa kwenye matanga yako, Baba Riziki, nikalambwa mateke nikiwa kwenye mkeka wa mjane, na unajua kwaya walifanya nini? Waliongeza sauti.

Ningeweza kusema pale pale. Damu ilikuwa imejaa mdomoni na lile neno lilikuwa hapo hapo, nikavimeza vyote viwili. Niliona watakavyokuita. Mwongo. Mtu amekufa kifo kile, halafu tumzike na jina la mwongo? Nikaacha. Ukazikwa kama mtu wa Italia. Hata aliyeomba kaburini alisema "ndugu yetu aliyeziona nchi za mbali," na watu wote wakaitikia amina kwa nguvu.

Kama ingekuwa ni kupigwa tu, ningenyamaza mpaka nizeeke. Lakini Lubunga alikaa mjini, akafikia kwa binamu, akaapa mbele ya ukoo kwamba mtoto ataondoka naye. "Muuaji halei." Akasema Riziki atapelekwa Baraka kwa bibi yake, na mimi nitafute mume mwingine wa kuua.

Alikuja mchana mmoja nikiwa na mteja, nimemaliza nusu ya kichwa. Hakubisha hodi. Akamkamata Riziki mkono wa kulia kuelekea mlangoni, mimi nikawahi wa kushoto. Akavuta, nikavuta. Mtoto wa miaka mitatu, tumemkamua kama watu wawili wanaokamua shuka. Analia kwa Kizulu chake cha mtaani, "Ungangiyeki, mama!", usiniachie, usiniachie. Bega likalia. Nakwambia lililia, kama kijiti. Kile kitana chenye mkia wa chuma kilikuwa bado mkononi mwangu, nikamzamishia Lubunga kwenye mkono hadi kikasimama chenyewe. Damu ikamrukia mteja wangu kwenye shingo. Yule dada alitoka mbio barabarani, upande mmoja amesuka, upande mmoja manyoya matupu, anapiga kelele "Eish! Hawa watu wanauana!" Mama Thandi akaja na ufagio, akamtandika Lubunga kichwani mpaka mpini ukakatika.

Lubunga akachomoa kitana, akakiangalia, akacheka. "Mmeona? Si niliwaambia? Huyu kuua kwake ni kazi." Akasema Jumapili wataondoa matanga. Mama atakuwepo kwenye simu, ya picha, ukoo wote utaona, na neno atakalolisema mama ndilo. Akisema mtoto aende, ataenda, hata kwa polisi.

Nilimfunga Riziki mkono kwa khanga. Kliniki walisema bega limeteguka, litapona, asibebe kitu. Nikakaa kitandani namwangalia. Halafu nikaangalia mbele yangu nikaliona pazia. Positano. Yale matatu yaliungua na studio, hili lilibaki kwa sababu tulikuwa tumelitundika chumbani kututenganisha na kitanda cha mtoto. Niliongea na wewe siku ile, sijui kama ulisikia. Nilikwambia, baba, ama jina lako ama mtoto wako. Nikasubiri kidogo, kama adabu. Halafu nikalikunja.

Jumapili ibada ilipokwisha, watu wanapanga viti, nikaenda mbele nikaanza kulitundika ukutani kwa vibanio vyangu vya nywele. Mama Mchungaji aliliona kabla ya mtu yeyote. Akaja mbio, akanikamata mkono, anatabasamu kwa ajili ya watu huku kucha zinanizama. "Mama Riziki, hapana. Mwanangu, usifanye hivyo. Utatuua sote." Nikamwambia, mama, mimi mmeshaniua, mmeniimbia na nyimbo. Niachie mkono. Akaniachia.

Simu ikashika. Kule Baraka dada yako Nyota ndiye aliyeishikilia. Mama yako amekonda, amejifunga kikwembe cheusi, macho yamezama. Nikambeba Riziki kwa upande wa bega zima, nikasimama mbele ya Positano kama ulivyonifundisha, uso wa mtu aliyekwisha kuichoka.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona."

"Niko wapi, mama?"

Akasogeza uso mpaka simu ikajaa jicho. Halafu akapiga ukelele hata Nyota akaiangusha simu. "Tazameni muuaji! Mume hajaoza, amerudi Malufi!"

Nikalivuta pazia. Kibanio kimoja kilikataa, nikavuta kwa hasira, Positano yote ikaniangukia kichwani na Riziki akacheka ndani yake. Nilipojitoa, nyuma palikuwa ukuta wa kanisa. Ukungu ule mweusi wa kona, ratiba ya kwaya, boksi la umeme lisilo na kifuniko. Nikamwambia mama, Italia ndiyo hii. Ilitoka Fordsburg. Tulikwenda kwa miguu, tulirudi kwa miguu, mwanao hakutoka Johannesburg hata siku moja. Hakuna Ulaya niliyomtoa. Alikuwa anatania, wewe ukafurahi, akashindwa kukunyang'anya hiyo furaha.

Sikumaliza. Lubunga alikuwa amesharuka, kisu mkononi. Nikageuka nikampa mgongo, Riziki tumboni, nikasema hapa ndipo. Nikasikia kinachanwa kitu, sikusikia uchungu. Alikuwa kwenye pazia. Ameliwekea goti kama mtu aliyemlaza adui, anazitoboa zile nyumba moja moja, anachana mpaka sakafu inakwaruzwa. "Miaka miwili! Miaka miwili sikumpigia simu kwa ajili ya hii! Nilijiona takataka! Nilimchukia ndugu yangu kwa kitambaa!" Hakuna aliyethubutu kumshika. Alichana hadi hapakuwa na cha kuchana, kisu kikamtoka, akabaki amepiga magoti kwenye vipande vya bahari, kamasi zinamtoka, mtu mzima.

Mama Mchungaji akasimama. "Mama wa Baraka, nisamehe. Hata mimi nilipiga picha hapo." Papa Useni akasimama. "Na mimi. Kwenye malimau." Sauti ya mtu wa kwaya nyuma: "Mimi mara mbili." Hapo mtu akashindwa, akacheka. Kicheko kikakamata ukumbi mzima, kile cha aibu, watu wanajifunika nyuso, wengine wanalia humo humo. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ile simu, kwa sababu mtoto wangu alikuwa ndani ya ile simu.

Mama yako hakucheka. Alisubiri mpaka wakaishiwa. "Wanyamazisheni hao. Nataka kumsikia huyu binti. Sasa niambie mwanangu alikufaje, na usiniwekee pazia."

Nikamwambia, Baba Riziki. Nilisimama mbele ya kanisa lako nikalisema lote. Nilimwambia vidole, kwamba viwili vilibaki kwenye geti. Nilimwambia fimbo ya gofu, na kwamba ulianguka kwanza kwa magoti, ukasimama tena, ndipo wakakuangusha kwa ubavu. Kwamba walikuvua viatu ungali unapumua, wakagombania. Kwamba yale niliyoyasikia chini ya kitanda cha Mama Thandi yalikuwa kama mtu anapiga zulia juani, na nilihesabu hadi nikasahau namba. Kwamba nilipotambaa kuja ulikuwa hai, jicho la kulia halipo mahali pake, nikakushika taya kwa kikwembe changu kwa sababu lilikuwa limeachia, na ulikuwa wa moto, mwili wako ulikuwa wa moto kama mkate. Kwamba gari la wagonjwa lilikataa kuingia mtaa ule hadi moto uzimwe. Mama hakunikatiza. Safari hii hakuna aliyeimba.

Akauliza, "Alisema nini?"

Ningeweza kumpa neno zuri. Kila mtu pale alikuwa analisubiri, nilimwona Mchungaji ameshainamisha kichwa kupokea jina la Yesu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuapa kutomwekea pazia. Nikamwambia, mama, hakusema kuhusu wewe, hakusema kuhusu Mungu, hata jina langu hakulitaja. Geti lilipoanza kulegea aligeuza shingo akanifokea: "Mjinga wewe, kimbia!" Miaka sita hajawahi kunitukana. Neno la mwisho kunipa ni tusi.

Halafu kwenye simu ikatoka sauti nikadhani ni mtandao. Ilikuwa ni mama yako. Alikuwa analia na kitu kingine, sijui nikiite nini. "Baba yake alinifokea hivyo hivyo siku tulipovuka mto, vita iko nyuma, huyo huyo mwanangu nimembeba mgongoni. Mjinga wewe, vuka! Na yeye hakuvuka." Akapangusa uso kwa kile kikwembe cheusi. Akaita, "Lubunga."

Lubunga chini: "Mama."

"Mtoto ni wa yule aliyeambiwa akimbie. Mwache."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Sasa unalijua lote.

Lubunga alipita kwangu kabla ya basi lake. Alisimama nje, hakuingia. "Shemeji, mkono unaniuma." Nikamwambia, na mdomo wangu. Akatikisa kichwa. Akaniomba picha yako, nikafikiri atataka ile ya suti. Alitaka ile ya ukungu, unakimbia. Nikampa. Kwa Riziki alipiga magoti pale mlangoni akanyoosha mkono, mtoto akajificha nyuma yangu, akasema sawa, ana haki. Sijamsamehe. Lakini nilimfungia maandazi ya njiani, mikono ilijifanyia yenyewe.

Na wewe, nina hasira nawe. Acha nilimalize. Ulikuwa mtu mwema, na wema wako ulinipasua mdomo na kumtegua mwanao bega. Ungemwambia siku ile ile angecheka, mama yako anajua kucheka kuliko sisi sote. Nimekulilia na nimekutukana kwenye mto mmoja. Nadhani ndivyo wajane wanavyolala.

Sasa mama ananipigia kila Jumapili. Hataki nijipambe. "Nionyeshe jikoni kwako." Namwonyesha jiko, ndoo, ukungu wa dirishani. "Mbona hupaki rangi?" Namwambia nitapaka. Ananionyesha na yeye bati lake lililotoboka. Tunaonyeshana matundu kama wasichana wanaoonyeshana hereni. Mama Mchungaji alikuja kusukwa, akakaa chini yangu saa tatu nzima, alipoinuka akanibusu mikono yote miwili. Januari Riziki ataanza shule ya watoto. Mama Thandi ameshamshonea begi.

Nakuaga hapa, Asukulu. Nalitaja jina lako lenyewe kwa sababu sikuwahi kukuita hivyo ukiwa hai. Naahidi nitamkuza kwa maneno yaliyo wazi, hata yakiwa makali. Akiniuliza ulikufaje nitamwambia, na akiniuliza ulichekaje nitamwambia. Na nitampeleka Baraka, kwa basi, kwa meli ya ziwa, ikibidi kwa miguu, mama yako amshike kwa mikono yake. Mtu asiniulize lini, ila nitampeleka.

Lala, mume wangu. Asubuhi hii nimemwambia mtoto nakuandikia, akasema nikusalimie, akapunga mkono kuelekea dirishani. Ule wa kulia. Bado unamuuma akiuinua. Lakini anauinua.

Mimi,
Mama Riziki